Msiwasifu kwa Kunyamaza

Siku ya kuniaga kazini walinipa kitenge, seti ya masufuria na hotuba. Kitenge ni kizuri, masufuria nayatumia, ila hotuba imenikaa kooni mpaka leo. Aliyeisoma ni kiongozi mmoja ambaye sijawahi kumwona thieta isipokuwa siku alipokuja kukagua rangi ya ukuta. Alisema Sista Dafroza amebahatika kufanya kazi na akina mama wa Buha, nchi yetu sisi Waha, akina mama jasiri, ambao wengine unaweza kuwapasua hata bila dawa na usisikie sauti. Watu walicheka na kupiga makofi. Nilikuwa nimekaa meza ya mbele na soda yangu mkononi, nikaiweka chini.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaobaki pale kwenye kichwa cha kitanda cha upasuaji, mahali ambapo hakuna anayewatazama mpaka mambo yaharibike. Vyeo sitavitaja kwa sababu havikuwa vingi. Mshahara mnaujua, ni huohuo wenu. Nataka mjue ile sifa iliyopigiwa makofi inafanya nini ndani ya mwili wa mtu, maana mimi nimeishuhudia ikiua.

Nilianza nikiwa muuguzi wa kawaida, nikapelekwa kusomea dawa za usingizi, kisha nikapangiwa hospitali ndogo upande wa Kasulu. Mkuu wangu alikuwa Bwana Gwasa, mtu wa Heru Juu, mwembamba, mwenye kofia ya thieta aliyoshonewa na mkewe kwa kitambaa cha pazia. Siku ya kwanza nilisimama nikichungulia tumbo lililofunguliwa, kama mgeni yeyote anavyofanya. Akanivuta sikio. Akaniambia kidonda kina mwenyewe, mimi nitafute changu. Akachukua vidole vyangu viwili, akaviweka mbele ya sikio la mgonjwa pale mshipa unapopita, akaniamuru nifumbe macho na nimweleze ninachosikia. Tulikwenda hivyo kwa wiki nyingi. Mashine yetu ilikuwa ya zamani, ya kupitisha hewa ya kawaida juu ya dawa, na kipimo cha presha kilikuwa kimoja, kile cha kubonyeza mpira, kikigombewa na wodi zote. Vidole havikugombewa na mtu.

Hivyo ndivyo nilivyozijua dawa, kila moja kwa namna inavyoendesha damu. Halothani tulikuwa tunaivutisha kwa barakoa, ina harufu tamu ambayo nilirudi nayo nyumbani kwenye nywele. Ikimwingia mtu, mshipa unalegea chini ya kidole, mapigo yanapungua, presha inateremka taratibu kama mtu anayeshuka mlima akiwa ameshiba ugali. Ukiizidisha, moyo wenyewe unalegea nao. Tena ole wako daktari achome adrenalini kwenye kidonda ili damu ikauke bila kukuambia, maana moyo ulio chini ya halothani ukikutana na adrenalini huanza kurukaruka. Ketamini ni kinyume chake. Hiyo huuchokoza mwili umwage adrenalini yake wenyewe, presha inapanda, mapigo yanajaa, mgonjwa amelala huku macho yamekodoka yanatazama dari. Ndiyo maana tuliwapa waliovuja damu. Ganzi ya mgongo, yeye hufungua mishipa ya miguu na tumbo, damu inajikalia huko chini, na mgonjwa anapiga miayo na kuanza kichefuchefu kabla hujamaliza kusoma kipimo. Miayo hiyo iogopeni.

Lakini fundisho kubwa la Bwana Gwasa lilihusu kisu. Mwili ukikatwa hudhani umevamiwa. Zile tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini na kortisoli, moyo unakimbia, mishipa inajibana, hata sukari inapanda kwenye damu. Usingizi peke yake hauzuii hayo yote. Mtu anaweza kuwa amelala fofofo, hasikii hana habari, huku mwili wake unapigana vita. Ndiyo maana kuna dawa ya kumlaza mtu na kuna dawa ya kumwondolea maumivu, na anayedhani ni kitu kimoja aende akauze dagaa sokoni, hatamuumiza mtu.

Sasa nije kwenye uvumilivu wetu. Nyumbani kwetu neno ni ihangane, yaani vumilia, na binti hulisikia kabla hajajua kufunga kanga. Mwanamke akilia wakati wa kujifungua, watu watalibeba hilo hadi kwenye palizi ya maharage. Asiyelia hupewa kuku. Mimi mwenyewe nilizaa watatu kimya, nikiwa nimeng'ata ncha ya kitenge, na mama mkwe wangu akazunguka nyumba kwa nyumba akinitangaza. Nilifurahi, sikatai. Ila nyumbani kuna kujifungua, na hospitali kuna kupasuliwa, na sisi tumechukua adabu ya kule tukaileta huku bila kumuuliza mtu.

Mwaka wangu wa kwanza Kasulu aliletwa mama mmoja kutoka milimani, amebebwa kwenye baiskeli ya kusukumwa. Uchungu ulikuwa umemshika siku nyingi na mtoto hakushuka. Mkunga aliyempokea alisema hali yake si mbaya sana, ametulia kabisa, hata kulalamika halalamiki. Ndugu zake nao walisema hivyohivyo kwa fahari, kwamba toka mwanzo hajatoa sauti. Kwa kuwa alikuwa ametulia, alipangwa nyuma ya mgonjwa wa ngiri aliyekuwa anapiga kelele mpaka jikoni wanamsikia.

Alipofika zamu yake nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi na umelowa. Bwana Gwasa alichagua ketamini, kama ambavyo mtu yeyote angechagua, kwa sababu ndiyo inayopandisha presha. Kwake haikupanda. Iliporomoka, na mshipa ukanipotea chini ya vidole. Tulimimina dripu, tukachoma adrenalini ya kwenye kichupa, daktari akamtoa mtoto naye akalia. Mama hakurudi. Baadaye, tukiwa tunaosha tyubu, Bwana Gwasa alinieleza kwa sauti ndogo. Ketamini haina nguvu za kwake, hukopa kwenye akiba ya mwili. Yule mama siku zote zile alikuwa anaimaliza akiba hiyo kimyakimya, adrenalini imemwagika mpaka imekauka, na dawa ilipobisha hodi haikukuta kitu. Bila akiba ile, ketamini nayo huulegeza moyo.

Nilikwenda msibani, kwa sababu mume wake alikuwa wa ukoo wa mama yangu. Msemaji alisimama akasema marehemu alikuwa mwanamke wa kweli, amekufa bila kulia. Watu wakaitikia. Nilitaka kusimama nimwambie kwamba kama angelia asingepangwa nyuma ya ngiri. Bwana Gwasa, aliyekuwa amekaa karibu yangu, alinikanyaga mguu. Alisema msibani si mahali pake. Nimekuwa nikijiuliza tangu hapo mahali pake ni wapi.

Nilihamia Kibondo Bwana Gwasa alipostaafu, na nimekaa huko mpaka na mimi nimestaafu. Wakati nafika barabara ilikuwa vumbi, na kumpeleka mgonjwa rufaa kwa gari ilikuwa safari ya kuandikia wosia. Sasa kuna lami mpaka Nyakanazi. Vifaa navyo vimekuja. Halothani imekwenda zake na isoflureni imechukua nafasi, dawa nzuri tu, haiuchezei moyo kama mwenzake, ingawa nayo huteremsha presha kwa kuifungua mishipa. Tumepata monita inayoonyesha mapigo, presha na oksijeni kwa rangi tatu. Na kitu cha kwanza nilichokuta vijana wanafundishana kuhusu monita hiyo ni namna ya kuzima king'ora chake, eti kinapiga kelele, kinamsumbua daktari. Nilipandwa na hasira mpaka nikawatoa nje. Kifaa kimenunuliwa kipige kelele, sisi tunakitia adabu ya kunyamaza, kama tulivyowatia akina mama.

Katika mwaka wangu wa mwisho kazini aliletwa Yustina. Jina si lake, yeye mwenyewe ameniruhusu nisimulie. Alitoka upande wa Mabamba, mimba ya kwanza, uso na miguu vimevimba, presha juu, anaona nyotanyota. Kifafa cha mimba kilikuwa mlangoni. Tulimpa magineziamu ya kuzuia degedege na dawa ya kushusha presha, ikabaki kumtoa mtoto. Alisindikizwa na mama mkwe wake, mwanamke wa heshima zake, kiongozi wa kwaya, aliyekuja na chupa ya uji na mkeka. Kabla hatujafunga mlango wa thieta nilimsikia akimwambia mkwewe: ihangane, usituaibishe.

Daktari alikuwa Dokta Masanja, kijana wa Kisukuma, mikono mizuri na mdomo mzito. Nilichoma ganzi ya mgongo, ambayo kwa mtu wa namna ile hufaa, inamwepusha na tyubu ya kooni. Nilisubiri. Kisha nikapima kama tunavyopima, kwa pamba yenye spiriti, kwanza shavuni, halafu tumboni, nikimuuliza kama anaona baridi. Akasema shavuni anaona, tumboni haoni. Dokta naye akabana ngozi kwa koleo akamuuliza. Akasema hasikii kitu. Kipimo chetu chote, mnaona, kinategemea mgonjwa aseme ukweli, na sisi tulikuwa tunampima mtu aliyefundishwa tangu utoto kwamba ukweli huo ni aibu.

Dokta alianza kukata. Mapigo yakaanza kupanda kwenye monita, tisini, mia moja na kumi, mia moja na thelathini. Presha ambayo ganzi ilipaswa kuiteremsha ikapanda mpaka mia moja na tisini, na king'ora kikalia. Nilimtazama Yustina usoni. Alikuwa anatazama taa, ametulia kama yuko kanisani, ila juu ya mdomo kulikuwa na jasho na vidole vyake vimeng'ang'ania ukingo wa shuka. Muuguzi aliyekuwa anazunguka kutuletea vifaa alisema kwa kumsifu kwamba mama huyu mvumilivu kweli. Nilimwomba Dokta asimame. Alikuwa amepita ngozi na mafuta, hajafika kwenye mfuko wa uzazi. Aliinua mikono akasema amesimama.

Hapo sikuwa na ujanja wowote, msije mkadhani nasimulia habari za shujaa. Presha ile ingeweza kuwa ya ugonjwa wake, au ingeweza kuwa ya maumivu. Kwa monita zinafanana, namba ni zilezile. Kama ni ugonjwa, naongeza dawa ya kushusha presha na tunaendelea. Kama ni maumivu, dawa hiyo itateremsha namba na kumnyima mtoto damu, huku mama anakatwa akiwa mzima, na adrenalini yake ikizidi kumwagika mpaka mshipa upasuke kichwani. Aliyejua ni yeye peke yake. Niliinama mpaka sikioni pake.

"Yustina, unaumwa?"

"Hapana, Sista."

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba nina dawa mbili mkononi, na mojawapo ikiwa si yake itamdhuru yeye na mtoto, na kwamba siwezi kuchagua mpaka aniambie. Nilimwambia simwombi awe jasiri. Monita ilikuwa inapiga kelele, na namshukuru Mungu hakuna aliyenyoosha mkono kuizima.

"Mama yupo nje?" aliniuliza.

"Yupo."

"Atasikia?"

"Mlango umefungwa."

Machozi yalimtoka kwanza, yakaingia masikioni. Kisha akasema, "Naumwa. Upande huu wote naumwa, tangu mlipoanza." Na baada ya hapo akalia. Alilia kwa sauti ambayo sijaisikia ikitoka kwa mwanamke wa kwetu katika maisha yangu, na mlango ule, wadogo zangu, ni wa mbao nyembamba.

Ganzi ilikuwa imepanda upande mmoja tu. Hutokea, na kurudia kuchoma tumbo likiwa wazi haikuwezekana. Ketamini sikuigusa, kwa presha ile ingekuwa kumsukuma shimoni. Ilibaki nusukaputi na tyubu, ambayo nayo ina hatari yake, kwa sababu chuma kikigusa koo mwili hushtuka na adrenalini inaruka palepale. Nikampa kwanza dawa ya presha kidogo na lignokaini ya mshipani kuutuliza mshtuko huo, kisha thiopentoni ya kumlaza, kisha dawa ya kulegeza misuli, nikapitisha tyubu haraka. Gesi niliiweka chini, maana hizi gesi zikizidi huulegeza mfuko wa uzazi ukashindwa kujikaza, na damu ikamwagika. Dokta alimtoa mtoto wa kike, mdogo, mwenye hasira zake. Alipokwisha kutoka ndipo nikampa mama pethidini ya kutosha, ile ya kuondoa maumivu, nayo nikaiona ikifanya kazi: mapigo yakashuka mia moja na ishirini, mia moja, tisini, presha ikateremka polepole ikatulia. Mwili uliacha kupigana. Nilikaa kwenye stuli.

Asubuhi yake nilimpitia wodini. Sauti ilikuwa imekauka kwa sababu ya tyubu, uvimbe wa uso umeanza kupungua, mtoto yuko kifuani. Dirisha la wodi ile linatazama benchi la kliniki ya wajawazito, na siku hiyo lilikuwa limejaa. Mama mkwe, aliyekuwa nyuma ya mlango ule wa mbao, alikuwa huko nje anawasimulia wanawake. Tulimsikia wote wawili. Alisema mkwe wake amepasuliwa na hakutoa hata sauti, kwamba madaktari wenyewe wameshangaa. Wakampigia vigelegele.

Yustina alifumba macho. Nilidhani amechoka.

"Sista," akasema, "kawaambie."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba nililia."

Nilimuuliza mara mbili, kwa sababu siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa na yeye ndiye anayerudi kuishi na watu wale. Akasema niende, yeye hana sauti ya kufika dirishani.

Nilitoka. Nilikuwa na hasira, na sikuipunguza. Niliwaamkia kwa Kiha, mwakeye, wakaitikia, nikawaambia kwamba Yustina amenituma. Nikawaambia alilia, alilia sana, na kwamba kulia kwake ndiko kulikoniambia dawa ipi nimpe, na kama angeendelea kunyamaza saa hizi tungekuwa tunatafuta gari la kurudisha maiti Mabamba. Hakuna aliyecheka. Mama mkwe alisimama akakunja mkeka wake taratibu, akanisogelea, akasema kwa upole ambao ulinichoma zaidi ya matusi:

"Sista, na wewe ni Muha. Haya hayasemwi nje."

Nilimjibu kwamba yasiposemwa nje, sisi ndani tunazika. Akaingia wodini na chupa yake ya uji. Sijui walichoambiana, na Yustina hajanieleza.

Nilipogeuka kuondoka, mjamzito mmoja wa mwisho wa benchi alinishika koti. Msichana mdogo, tumbo kubwa, kadi ya kliniki mapajani, viatu vya plastiki vimejaa udongo mwekundu.

"Kwa hiyo, Sista, inaruhusiwa?"

"Nini?"

"Kusema kama unaumwa."

Miaka yote ile nimegombania dawa, nimegombania mashine, nimegombania king'ora, na yule msichana alikuwa amehudhuria kliniki tangu mwanzo wa mimba, amepimwa uzito na damu na mkojo kila mwezi, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amemwambia. Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia inaruhusiwa, kwa sauti ya wote kusikia.

Akaitikia kwa kichwa. Halafu akamgeukia mwanamke aliyekaa ubavuni mwake, mama mkwe wake, aliyekuwa anatutazama. Akavuta kanga yake juu ya tumbo, akainamisha macho, na hakuniuliza tena.